Katibu Hakubaliani

"Aende! Miaka tisa bila kombe, aende tu!"

Mwita aliipiga meza kwa kiganja, chai yangu ikamwagikia daftari. Chumba cha chini cha kanisa letu hapa Brooklyn Center, Marekani, kikalipuka.

Alhamisi timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilitangaza kuachana na quarterback wake, yule anayerusha mpira na kuwaongoza wenzake uwanjani. Nasi Waafrika Mashariki tukafanya tunachofanya kila jambo likituzidi: tuliitisha mkutano, Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa na mwenyekiti, ajenda, sala ya kufungua, na katibu.

Katibu ni mimi, Kendi. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na sipendi kuongea mbele za watu.

"Wewe Mtanzania mpira huu umeujua juzi!" Chepkemoi alimrukia Mwita. Ni rafiki yangu, muuguzi, na alikuja na sare yake moja kwa moja kutoka kazini Anoka. "Huyo msee ametubeba! Ile mechi ya theluji, nani alirusha ule mpira wa mwisho?"

"Na nani aliwarushia wapinzani mkononi kwenye nusu fainali?"

"Ai! Hapo usiguse!"

"Order! Order!" Mzee Naftali, mwenyekiti wetu, aligonga kikombe kwa kijiko. "Mtu mmoja mmoja. Chepkemoi, keti. Mandazi bado yapo."

Watu walicheka. Mimi niliinamia daftari. Nimekuwa na Mwita miaka minne, na miaka yote minne sina pete. Halafu Ijumaa Chepkemoi alikuwa amenitumia ujumbe:

"Dada, najua hii itakuuma. Mwita amepewa kazi Seattle. Cousin yangu yuko naye ofisi moja Eagan, ameona barua. Amekuambia?"

Hakuwa ameniambia. Jana alinipigia, tukaongea kuhusu theluji na tairi za gari lake, akanitakia usiku mwema, akakata. Seattle hakuitaja.

"Timu inataka mwanzo mpya," Mwita aliendelea, macho yakimng'aa. "Ubaya uko wapi? Wakati ukifika, watu wazima wanaachana, maisha yanaendelea."

Kalamu yangu ilikimbia yenyewe. Sikujua hata ninaandika nini.

Mwishowe Mzee Naftali alihesabu mikono. "Wanaosema timu imekosea ni kumi na wanne. Wanaosema imefanya vizuri ni sita. Katibu, tusomee kumbukumbu, tufunge kwa sala."

Desturi yetu ni hii: hakuna anayeinuka kabla kumbukumbu hazijasomwa. Nilisimama, nikaanza kusoma haraka bila kumtazama mtu.

"Chepkemoi alisema mchezaji huyu ametubeba. Mwita alisema timu inataka mwanzo mpya. Katibu hakubaliani. Katibu anauliza, Mwita anaondoka lini, na kwa nini wajue watu wote isipokuwa..."

Nilifunika ukurasa kwa kiganja.

"Isipokuwa nani?" Mzee Naftali aliuliza taratibu. "Maliza, binti yangu."

"Isipokuwa katibu."

"Wololo!" mtu alisema nyuma, akanyamazishwa.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini maneno yalishatoka, na mengine yakayafuata.

"Huyo mchezaji alisoma habari zake kwenye simu kama sisi! Miaka tisa anaangushwa, anainuka, na hakuna hata mmoja aliyemkalisha chini akamwambia. Kosa la timu si kumwacha. Kosa ni kumwacha kimyakimya." Nilimgeukia Mwita. "Kama unakwenda Seattle, niambie wewe mwenyewe."

Mwita alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kendi, siendi. Niliwajibu Jumanne kwamba siendi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwa nini nimekataa, na mimi kukudanganya siwezi. Mjomba wangu kule Tarime alikuwa anazungumza na baba yako. Alinionya nisikugusie kitu mpaka mzee ajibu."

"Baba yangu? Wa Meru?"

"Kwani unao wawili?"

Watu waliangua kicheko. Mwita alinikabidhi simu yake. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi ile, tukiwa kwenye mahubiri:

"Mwita, mimi na mjomba wako tumesikizana. Sasa muulize Kendi mwenyewe. Haongei sana, lakini akikataa utajua. Baba Kendi."

Macho yalinijaa machozi. Nilijua baba aliuandika ujumbe ule kwa kidole kimoja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Na miaka tisa bila kombe?" nilimuuliza. "Na watu wazima wanaachana?"

"Nilikuwa naongelea mpira, Kendi! Mpira tu! Jamaa hajui kurusha!"

"Ai!" Chepkemoi alipiga kelele.

Mwita alimgeukia Mzee Naftali. "Mwenyekiti, naomba kuongeza jambo moja kwenye ajenda."

"Tuko kwenye mengineyo. Ongea."

Alipiga goti palepale mbele yangu. "Napendekeza Kendi anioe... hapana, nimuoe. Samahani, mwenyekiti, natetemeka."

"Nani anaunga mkono?"

Mikono yote iliruka juu. Chepkemoi aliinua miwili.

"Shusheni!" Mzee Naftali alifoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Kura hii si yenu. Katibu?"

Nilichukua kalamu. Niliandika pembeni ya doa la chai, kisha nikasoma kwa sauti, na safari hii nilimtazama Mwita.

"Katibu amekubali. Kwa sharti moja: Mwita amwombe radhi quarterback wetu, hapa hapa, mbele ya mkutano."

Chumba kililipuka upya. Mwita alitazama darini.

"Namwomba radhi," alisema. "Ila ule mpira wa nusu fainali..."

"Mwita!"

"Namwomba radhi!"

"Andika hivyo hivyo, katibu," alisema Mzee Naftali. "Na sasa tusimame tuombe."