Mipira Miwili Katika Ukungu

Kila asubuhi kabla ya shule, Elinuru alimsaidia mama yake kumwagilia karoti shambani kwao Lukozi. Jioni alikimbilia uwanjani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alicheza nafasi ya kiungo katika timu ya wasichana.

Mwaka huo ligi kuu ya wanawake ilipoisha, dada Modesta alirudi kijijini kuwafundisha. Yeye naye alikulia Lukozi akicheza mpira wa matambara, akaitwa kwenye majaribio Tanga, na sasa alikuwa kiungo wa timu ya ligi kuu jijini Dar es Salaam. Alisema Jumamosi atachagua wasichana wa kwenda kwenye majaribio Tanga.

Siku ya Alhamisi, wakigombea mpira wa juu, Elinuru na rafiki yake Raheli waligongana vichwa. Raheli alipata nundu tu. Elinuru alianguka, akainuka akicheka. Lakini alipofika nyumbani alitapika nyuma ya jiko.

"Unaumwa, mwanangu?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nimechoka tu."

Aliogopa kwamba akisema kweli, Jumamosi itampita.

Jumamosi ukungu ulishuka uwanjani. Elinuru alitazama mpira ukimjia, akaona mipira miwili. Akapiga, mguu ukapita hewani. Alipogeuka, magoli yote mawili yalikuwa mageni kwake.

"Raheli," alinong'ona, "goli letu ni lipi?"

Raheli alicheka. Alipoona midomo ya mwenzake inatetemeka, kicheko kikakatika.

"Tafadhali, usimwambie kocha!"

Lakini Raheli alikuwa ameshakimbia kumwita.

Modesta alisimamisha mchezo, akapiga magoti mbele ya Elinuru. "Mama yako anaitwa nani?"

Elinuru alifungua kinywa. Jina halikuja. Baridi ikampenya mpaka mifupani. "Dada, silikumbuki!" akalia.

Modesta alimbeba mgongoni hadi barabarani, Raheli akiwafuata mbio, wakapata gari la kwenda hospitali Lushoto. Kona baada ya kona, Elinuru alilitafuta jina lile asilipate, huku amemng'ang'ania Modesta kama anayezama.

"Ubongo umetikisika," daktari alisema baada ya kumpima. "Angegongwa tena leo, huenda asingeinuka. Atapona, lakini asicheze mpaka nimruhusu."

Alasiri mama aliingia wodini akitweta. Elinuru alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Bertha. Unaitwa Bertha, mama." Wakakumbatiana wakilia.

"Majaribio yamenipita, dada," alimwambia Modesta.

"Yatakuja mengine. Goti langu liliwahi kuumia, mwingine akacheza nafasi yangu, nami nikapona, nikarudi. Kichwa hakina mchezaji wa akiba, mdogo wangu. Ukiumia, sema siku hiyohiyo, hata kama utakosa mechi. Na anayekusemea ukiwa hatarini hajakusaliti."

Elinuru alimtazama Raheli, aliyejibanza mlangoni kwa woga, akamnyooshea mkono.