Niliichekesha Nchi Nzima kwa Aibu ya Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane. Naishi Keza, wilaya ya Ngara, na binti yangu mmoja ambaye baba yake hakuwahi kumbeba. Watu wa hapa hunipa pole ya vita, nami naipokea. Miaka yote hii naipokea, huku nikijua kabisa kwamba siistahili...

Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu.

Kwetu hasa ni Biharamulo. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa huku Keza na Laurenti. Alikuwa mkulima, mtu mpole mpaka unakasirika! Ukimfokea anacheka. Ukinuna anachukua shoka anakwenda kupasua kuni. Mimi ni mwanamke wa mdomo tangu utotoni, wala sifichi. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, kijiji kilinipa darasa la kisomo cha watu wazima, na Laurenti mwenyewe alijifunzia kusoma kwangu. Alikuwa anakaa nyuma kabisa. Akikosea namtania mbele ya wenzake, naye anacheka pamoja nao.

Tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikiwa zimepangwa mstari, surua ilipita ikamchukua mwanetu wa kwanza, Odeta. Wa pili alizaliwa amekwisha kufa. Jamani, uchungu ule niueleze vipi? Wanawake wengine hulia, wengine huanza kunywa. Mwenzenu nilianza kuandika vichekesho.

Siku hizo redioni kulikuwa na kipindi cha vichekesho kila Jumamosi alasiri. Sisi wasikilizaji tulikuwa tunatuma vyetu kwa posta. Vingine vilikuwa sentensi moja au mbili tu, vingine mchezo mfupi wa watu watatu, na waigizaji wao wanauigiza. Sharti lilikuwa moja: kichekesho kiwe cha mambo ya wakati huo huo. Habari zilizopoa hawakuzitaka.

Cha kwanza changu kilichosomwa kilikuwa hiki: "Bwana shamba amekuja kijijini kwetu kutufundisha kulima kwa mstari. Mvua ilipoanza, yeye ndiye aliyekimbia wa kwanza, na wala hakukimbia kwa mstari." Cha pili: "Sukari imefika dukani kwetu. Imemsalimia katibu, ikamuuliza habari za nyumbani, wakaondoka wote."

Loo! Mngeniona nilivyovimba kichwa! Mtangazaji kutamka "Bi Skola wa Keza, Ngara", nchi nzima ikisikia! Katibu wa kijiji alicheka mpaka akajifuta machozi, na bwana shamba alinipa mkono. Hawakukasirika, kwa sababu vichekesho vile niliwatania navyo usoni kwanza, wakanijibu yao, ndipo nikaandika. Kwetu hapa mtu unamtania akiwapo. Anakurudishia, mnacheka, mnamaliza. Kumtania mtu mbele za watu bila yeye kujua si utani tena, ni kumvua nguo.

Hilo nililijua. Naomba mlishike: nililijua!

Laurenti ndiye aliyekuwa tarishi wangu. Kila nikimaliza karatasi, namsomea kwanza, anacheka, ndipo naifunga. Yeye anapanda baiskeli yake mpaka posta ya Ngara mjini, akirudi ananiambia, "Mama Odeta, imekwenda." Mtoto tulikwisha kumzika, lakini aliniita kwa jina lake mpaka mwisho.

Halafu ikaja vita. Nduli, yule mtawala wa nchi jirani, aliingia Kagera na jeshi lake, huko kaskazini, na sisi wa Ngara tukawa tunasikia redioni watu wanavyouawa na ng'ombe wanavyoswagwa. Ikatangazwa kwamba kila kijiji kitoe wanamgambo. Laurenti alirudi kutoka mkutanoni, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Nitakwenda, Mama Odeta," aliniambia. "Wenzangu wote wanakwenda."

Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nilimshika miguu. Nililia jamani, nililia kilio kibaya, nikamwambia, "Nimezika wawili, na wewe ulikuwapo. Huyu nimzae peke yangu? Nikimzika huyu nani atachimba kaburi?" Alivirudisha viatu chini ya kitanda, akakaa.

Kesho yake asubuhi balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na mwalimu wa mgambo kuandikisha watu. Nilipowaona wanashuka njiani, nilimvuta mume wangu mkono mpaka uani. Pale tulikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ule wa gogo zima, tumeulaza kifudifudi. Nikauinua upande mmoja, nikamwambia aingie. Aliniangalia kwanza. Nikaanza kulia tena. Akaingia.

Humo ndani kulikuwa na kuku wangu anaatamia.

Mwalimu wa mgambo alikuwa pande la mtu. Aliuliza mwenye nyumba yuko wapi, nikasema amekwenda Biharamulo kumwona baba yangu, anaumwa. Kigoda chetu kilikuwa kimoja, nikampa balozi. Yule mwalimu akatazama huku na huku... akaenda akakaa juu ya mtumbwi! Akafungua daftari lake pale pale. Akaagiza majirani waitwe, kila mtu aje aandikiwe hapo hapo.

Asubuhi nzima, wasomaji! Majirani wamejipanga mbele yake, anaandika majina ya mashujaa, na chini ya makalio yake yumo mume wangu anadonolewa na kuku! Kuku akipiga kelele, mwalimu anagonga mtumbwi kwa kalamu, anauliza, "Huyu ana nini?" Nami najibu, "Ana hasira, afande, anaatamia." Jasho lilikuwa linanitoka mpaka miguuni.

Walipoondoka nikauinua mtumbwi. Laurenti alitoka na ute wa yai kichwani, sikio limechubuka. Tukatazamana. Ndipo tukacheka... Tulicheka tukakaa chini. Halafu akajifuta ute kichwani, akasema, "Hii ibaki yetu. Usimwambie mtu, hata mama."

Nikamwapia.

Zikapita wiki kadhaa. Vijana wa kijiji walikwisha kwenda Biharamulo, na malori yakawachukua kuelekea Bukoba. Laurenti alijionyesha kama mtu aliyerudi safari, na hakuna aliyemdadisi. Mimi huku roho ilikuwa inaniuma kwa jambo la kijinga. Vichekesho vyangu vilikuwa havisomwi tena! Nilikuwa nimetuma mara tatu, kimya. Mtangazaji akasema sasa wanataka vichekesho vya vita, vya kuwacheka waoga wanaojificha. Kila Jumamosi anasomwa bwana mmoja wa mkoa mwingine, vichekesho vyake vibovu, havina chumvi. Nikasema moyoni, ningewapa mkasa wetu wa mtumbwini wangevunjika mbavu.

Shetani alinisukuma? Hapana, nisimsingizie. Niliketi mwenyewe, nikaandika mwenyewe.

Nilibadilisha jina, mume nikamwita Kisogo. Kijiji nikasema ni cha mbali. Nikajiona mjanja! Lakini mtumbwi niliuacha, kuku nilimwacha, na afande aliyekaa juu anaandika mashujaa nilimwacha. Ningeviondoaje? Ndivyo vilivyokuwa vinachekesha. Ila kitu kimoja nilikiondoa, mke aliyelia. Mke wa kwenye mchezo wangu hakujua lolote, na Kisogo alijificha kwa woga wake mwenyewe. Mke anayelia angeharibu kicheko.

Laurenti alipokuja kuchukua bahasha, ilikwisha fungwa. Alisema, "Leo hunisomei?" Nikamjibu, "Hii utaisikia redioni." Akatabasamu, akaiweka mfukoni mwa shati, akapanda baiskeli. Alikwenda Ngara akaiposti kwa mkono wake...

Ee Mungu wangu, kwa nini tairi halikupasuka siku ile?

Jumamosi moja tulikuwa kwenye duka la kijiji. Redio ya katibu ilikuwa dirishani, mawe yake ya betri yalikuwa yameanikwa juani asubuhi ili yapate nguvu. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa kila mwenye mtoto vitani alikuwa anangoja taarifa ya habari. Nikasikia, "Bi Skola wa Keza, Ngara!" Watu wakapiga makofi. Laurenti alikuwa amesimama kando na baiskeli yake, akanipungia mkono kwa furaha.

Mchezo ukaanza. Walikuwa wameuigiza vizuri, sitawadanganya. Kuku waliyemtia humo alikuwa kuku kweli. Watu walicheka sana. Afande wa redioni alipokaa juu ya mtumbwi akafungua daftari, kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu nusu ya watu waliokuwa pale dukani walikuwa uani kwetu siku ile. Balozi akauliza kwa sauti, "Si ni ule mtumbwi wa Laurenti?"

Mtu akaangua kicheko, na wote wakalipuka! Katibu akasema, "Kumbe Biharamulo yenyewe ilikuwa mtumbwini!" Watoto wakaanza kulia kama kuku. Mama mmoja, ambaye mwanawe aliandikwa kwenye daftari lile lile, hakucheka. Alimsogelea mume wangu, akatema mate miguuni pake. Mama mkwe wangu alijifunika uso kwa kanga, akaondoka.

Neno moja tu lingetosha. "Ni mimi niliyemwingiza humo, yeye alitaka kwenda." Nilikuwa mwenye mdomo kijiji kizima, sivyo? Siku ile mdomo ule ulifungwa. Niliogopa mate yale yasinirukie mimi.

Laurenti naye hakunitaja. Angeweza kusema, na asingekuwa mwongo. Alisukuma baiskeli yake tukarudi nyumbani, mimi nyuma. Tulipofika uani alisema maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Umeandika vizuri, Mama Odeta. Ila hukuandika nani aliniambia niingie."

Nilipiga magoti. Nililia kuliko mara ya kwanza, lakini machozi yangu hayakuwa na kazi tena kwake. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa katibu, akajiandikisha. Alipita kumuaga mama yake. Alimsalimia, "Shikamoo mama," na mama mkwe, aliyekuwa anachambua maharage, hakuitikia marahaba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona. Hata hapo sikusema!

Barua yake ilikuja moja tu, kwa zile herufi kubwa kubwa nilizomfundisha. Alisalimu watu wote kwa majina. Aliuliza kama mimba inaendelea salama. Mwisho aliandika, "Mtoto akizaliwa, nakuomba usimwandike redioni."

Binti yangu alizaliwa salama. Alipokuwa na wiki tano, katibu alikuja na balozi, wamevua kofia. Nilijua kabla hawajafungua mdomo. Laurenti alikuwa amefia vitani, ng'ambo huko, na hatukuletewa mwili. Nilijitupa chini, wanawake wakamchukua mtoto. Tulikaa matanga bila kaburi. Na siku ya tatu ya matanga, jirani aliyetoka Ngara mjini akanikabidhi bahasha. Ilitoka kwa watu wa kipindi cha redioni. Walinipongeza! Walisema wasikilizaji wengi wameomba mikasa zaidi ya Bwana Kisogo.

Niliitupa motoni jikoni. Tangu siku hiyo sijaandika kichekesho hata kimoja.

Mnadhani yaliishia hapo? Vita ilipokwisha, vijana waliporudi, kijiji kilicheza ngoma siku mbili. Walimtaja Laurenti miongoni mwa waliokufa, lakini nilisikia pembeni wakinong'ona kwamba huyu alikwenda baada ya kuaibishwa. Na mama mkwe wangu... tuliishi naye miaka saba baada ya hapo. Nilimpikia, nilimwogesha alipolala kitandani. Kila mara alikuwa akisema, "Mwanangu alikuwa mwema, ila Mungu alimnyima moyo wa kiume." Kila mara nilitaka kumwambia. Nikaogopa atanifukuza na mtoto wangu, nikasema nitamwambia kesho. Akafa akiamini alizaa mwoga, na kwamba marahaba aliyomnyima alistahili kunyimwa.

Ndiyo maana nimeandika leo. Ninyi mlioko Keza, gazeti hili likiwafikia, wasomeeni wasiojua kusoma. Laurenti alitafuta viatu vyake siku ya kwanza kabisa. Mimi ndiye niliyemzuia kwa machozi, mimi ndiye niliyemsukuma chini ya mtumbwi, na mimi ndiye niliyemtangaza. Binti yangu naye nimemsomea haya kabla ya kuyatuma. Alilia, na tangu jana analala kwa jirani.

Wasomaji wenzangu, wenye ulimi mwepesi kama wangu, nawasihi! Aliyekuamini chumbani usimtoe nje watu wamcheke, hata kama utapigiwa makofi na nchi nzima. Na kama umekwisha kumtoa, simama siku ile ile useme ukweli, utemewe mate wewe. Msifanye kama mimi. Mimi nilingoja mpaka mama yake akafa.