Hakimu wa Gemu na Beseni la Muhogo

Ndugu zangu, kama mmewahi kupita Murungu wakati wa baridi, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, basi mmeiona nyumba ya Leonidasi Niyomwungere. Ni ile ya matofali ya kuchoma, kando ya njia ya kwenda kisimani, yenye pipa la bluu ubavuni. Ilikuwa nyumba ya watu wapole. Mkewe, Esteri, alikuwa akifagia uwanja huku anaimba nyimbo za kwaya, na binti yao wa pekee, Winnie, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, alimfuata nyuma akikanyaga pale palipofagiliwa. Wazazi wa Leonidasi walivuka kutoka Burundi zamani, wakapata uraia, wakazikwa hapo hapo Murungu na kumwachia mtoto wao shamba la muhogo na maharage. Majirani hawakuwahi kusikia ugomvi nyumbani kwao.

Leonidasi alikuwa na kibanda senta, cha kunyoa nywele na kuchaji simu kwa umeme wa jua. Nyuma ya pazia aliweka kompyuta, na kwenye kompyuta hiyo alicheza gemu. Msifikirie zile gemu za makampuni makubwa, ambazo mtu wa kwenye kioo anatoka jasho kama mtu kweli. Hizo alizidharau. Alisema zinamshika mchezaji mkono kama mgonjwa: mshale unakuonyesha pa kwenda, maandishi yanakwambia bonyeza hapa, na ukishindwa zinakuonea huruma. Yeye alipenda gemu za mtindo wa kizamani, zenye michoro ya vidoti vikubwa na muziki wa milio miwili mitatu, zilizotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao. Za kupigana, kuruka, kukwepa.

Na maoni alikuwa nayo, jamani! Angeweza kuzungumza mchana kutwa juu ya kuruka tu. Alisema gemu nzuri ya mapigano unaijua kabla hujakutana na adui hata mmoja, kwa namna mtu wako anavyoinuka kutoka chini na kutua. Alisema adui wa haki hukupa dalili kabla hajakupiga, anainua bega au anarudi nyuma hatua, na kazi yako ni kuiona dalili ile. Ukifa, umekufa kwa uzembe wako, wala usimlaumu aliyeitengeneza. Waliomkera kuliko wote ni wale wanaochora vidoti vikubwa ili waonekane wa kizamani, halafu ukigusa, mkono hausikii kitu. Hao aliwaita wapaka rangi.

Maoni hayo akayafanya kipindi. Kila Jumamosi mchana alifunga mlango wa kibanda, akavaa vidude vya masikioni, akazungumza moja kwa moja kwenye mtandao, na vijana wakamsikiliza kwenye simu zao kuanzia Kibondo na Kasulu hadi huko Dar. Wakampa jina la Hakimu. Esteri alijivunia mumewe. Hakuelewa gemu hata kidogo, lakini hakukosa kipindi, alikitegea sikio huku anapembua maharage.

Msije mkasema nimekuja hapa kuwasema vibaya wacheza gemu. Mtu ana haki ya kupenda anachokipenda, na Leonidasi alikijua alichokipenda kuliko wengi tunavyojua kazi zetu. Ubaya ulianza pale ambapo sikio moja likawa na kidude kila saa, hata mezani, hata mkewe anapozungumza naye. Ukimwambia neno anajibu "sawa", na hiyo sawa haikuwa na maana yoyote. Winnie naye alishajifunza sheria za kibandani: taa ndogo nyekundu ikiwaka, mtoto hasemi. Alikuwa mtoto msikivu sana.

Basi mwezi wa saba, dada yake Esteri akajifungua Kasulu, kwa upasuaji, na Esteri akaitwa akamtunze. Kabla ya kuondoka alimpeleka mumewe ubavuni mwa nyumba akamwonyesha muhogo. Sisi tunajua, muhogo wetu mwingi ni ule mchungu, na mchungu hauliwi mpaka ulowekwe ukalainika, ukiuminya uvunjike mkononi na nyuzi zake zitoke zenyewe. Wakati wa baridi unachelewa zaidi. Esteri akamwambia kwamba wa kwenye pipa umeshaiva, autoe, auanike, ausage. Wa kwenye beseni ameuweka jana yake tu, asiuguse kabisa mpaka yeye arudi. Leonidasi alikuwa na kidude sikioni. Akasema, "Sawa, Mama Winnie."

Wiki ile ile kijana mmoja wa Kasulu, Saady, akamtumia gemu yake aihukumu. Alikuwa ameitengeneza peke yake, karibu mwaka mzima, akiamka alfajiri kabla ya kwenda dukani kwa mjomba wake. Ilikuwa ya binti mwenye panga anayefukuza nyani shambani, akirukaruka juu ya vichuguu. Leonidasi akaicheza, akairudia, akakosa usingizi kwa ajili yake. Rangi alizipenda. Nyani walimchekesha. Lakini kuruka kulimkera: binti alichelewa kidogo sana kuinuka baada ya kubonyeza, kiasi ambacho mtu mwingine asingekihisi. Yeye alikihisi. Akawa anatembea anafikiria namna ya kulisema hilo Jumamosi.

Katikati ya mawazo hayo unga ukaisha nyumbani.

Sikilizeni hapa vizuri. Kwetu muhogo wa kuloweka ni kazi ya akina mama. Mwanamume akionekana ameinama juu ya pipa, mikono ndani ya yale maji, habari inafika senta kabla yeye hajanawa. Leonidasi angeweza kumwita jirani yao, Immakulata, na mama yule angekuja na kanga yake kiunoni akamaliza shughuli. Aliona aibu. Akasubiri majirani waende mashambani ndipo akafunua pipa. Harufu ikampiga. Alikuwa amekula ugali wa muhogo tangu meno yaote, ila hakuwahi kuinamia maji yake, akadhani muhogo umekaa kupita kiasi, umeoza. Akajaribu kukumbuka mkewe alisema nini. Alikumbuka pipa, alikumbuka beseni, na alikumbuka "usiguse". Kipi asiguse, hakukumbuka.

Angempigia simu. Ilikuwa simu moja tu, tena mkewe angefurahi. Lakini kumpigia ni kukiri kwamba hakumsikiliza, na alikuwa na gemu ya kumaliza. Akaumwaga muhogo wa pipa chini ya migomba. Akautoa wa kwenye beseni, mweupe, msafi, mgumu kidogo, akaukatakata vipande vyembamba ili ukauke haraka, akauanika juu ya bati. Jua la mwezi wa saba ni kali. Ulipokauka akaupeleka mashineni.

Jumamosi asubuhi akasonga ugali. Maharage yalikuwa yameisha naye hakuwa ameona, hivyo Winnie akala na mchicha kidogo. Leonidasi mwenyewe hakula, angekunywa chai na chapati senta kama kawaida yake.

"Baba, ugali mchungu," Winnie akasema.

Akamwambia ale, asideke, mama yake hayupo. Hakuonja. Kichwani alikuwa anapanga maneno ya kufungulia kipindi. Mtoto akala kwa kuwa aliambiwa ale.

Mchana akamchukua wakaenda kibandani. Winnie alikuwa kimya njiani, akaomba kubebwa, na baba akamwambia yeye ni mkubwa sasa. Akamkalisha juu ya gunia nyuma yake, akafunga mlango, akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

Kule Kasulu, Esteri alikuwa ameketi kitandani kwa dada yake, kichanga mapajani, simu ya dada kando yake. Akamsikia mumewe anaanza. Alimsikia akisifia rangi za Saady na kuwasifia nyani. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya hakimu. Akasema tatizo la vijana wetu ni haraka. Mtu anaona kazi imependeza kwa macho anaitoa, hajaigusa, hajaijaribu, hajaisubiri ikomae. Akasema gemu za kizamani zilitufundisha kungoja: adui anakupa dalili, wewe unatulia, unaiangalia, unasogea kwa wakati wake. Asiyeona dalili hastahili kulalamika.

Hapo ndipo Esteri aliposikia sauti nyingine, ndogo, kwa mbali.

"Baba, kichwa kinaniuma."

Na sauti ya mumewe, chini chini, "Ngoja."

Kisha akaendelea na gemu. Akazungumzia vichuguu. Akazungumzia muziki. Esteri akasubiri kumsikia mtoto tena, asimsikie. Mwili ukamwambia kuna jambo, maana Winnie hakuwahi kuvunja ile sheria ya taa. Akapiga simu ya mumewe. Haikupokelewa, alikuwa ameizima mlio kwa ajili ya kipindi. Akapiga tena na tena, akimsikia akicheka kwenye simu ya dada yake huku hapokei. Ndipo akampigia Immakulata.

Immakulata alikuwa uwanjani kwake. Alipoambiwa mtoto kichwa kinamuuma, muhogo ulimjia akilini, na jambo la kwanza alilofanya ni kupita ubavuni mwa nyumba ya Leonidasi. Aliona beseni tupu, na chini ya migomba aliona muhogo uliolainika vizuri umemwagwa kama takataka. Mama wa makamo yule akakimbia hadi senta kwa miguu mitupu. Akagonga mlango kwa ngumi. Wasikilizaji wote wa Hakimu walizisikia zile ngumi.

Leonidasi akafungua amekasirika. Immakulata akampita bila salamu akaenda kwenye gunia. Winnie alikuwa amelala ubavu, ametapika kidogo pembeni, mkono mdomoni, kama mtu aliyejizuia asipige kelele. Baba yake alikuwa amedhani amesinzia.

"Mwana wanje, mwanangu," Immakulata alisema, akimwinua. Shingo haikushika. Kisha akamgeukia Leonidasi. "Baba Winnie, umemlisha muhogo upi?"

Wakapanda bodaboda, mtoto katikati yao, vumbi lote la njia ya Kibondo wakalimeza. Hospitalini daktari Herieth, dada mtaratibu aliyeletwa huku kutoka mkoa mwingine, alifanya yote aliyoweza kuyafanya, na hakuacha mapema. Jua likiwa bado liko juu akatoka nje akavua glovu. Akaeleza kwamba muhogo usioiva majini una sumu, na mwili mdogo hauwezi kuihimili. Leonidasi akauliza ingekuwaje kama mtoto angeletwa mapema. Daktari aliangalia chini. Akasema saa moja kabla ingekuwa habari nyingine.

Saa moja kabla, ndugu zangu, mtoto alikuwa ametoa dalili yake.

Esteri alifika kwa basi la kesho yake. Hakumtukana mumewe. Afadhali angemtukana. Alimwosha mtoto, akamvika gauni la Krismasi, akakaa. Saady naye alikuja kuzika, kijana mwembamba asiyejua pa kuweka mikono. Akamshika Leonidasi mkono akiwa na nia njema kabisa, akamwambia, "Kaka, pole sana. Na yale uliyosema ni kweli, niliharakisha. Hukunionea." Leonidasi akaanguka magotini mbele ya watu wote, akalia kwa sauti mpaka wanaume wakamwinua.

Sasa kibanda kimebaki cha kunyoa tu. Kompyuta ameitoa. Muhogo anauloweka mwenyewe, mchana kweupe, watu wakipita wakimwona, mikono ndani ya pipa, akiminya kipande kimoja kimoja. Hakuna anayecheka. Esteri yuko Kasulu kwa dada yake, na haijulikani kama atarudi.

Kipindi kile Leonidasi alikifuta. Alimsihi kila aliyekihifadhi akifute, na wengi walimwonea huruma wakafuta. Esteri, aliyekihifadhi kwenye simu ya dada yake, alikataa. Hana mahali pengine penye sauti ya mtoto wake. Jioni, kichanga cha dada yake kikishanyonya, anaiweka simu sikioni na kusikiliza kale kasehemu kadogo. Anamsikia Winnie akisema kichwa kinamuuma. Na kwa kuwa sauti zile zimefuatana mno, hawezi kumsikia mmoja bila mwingine, kila mara analazimika kusikia na lile neno la mumewe.

Mtoto alikuwa msikivu. Aliambiwa angoje, akangoja.

Funzo

Hadithi hii haitukatazi gemu, wala redio, wala mpira, wala chochote kinachokufurahisha baada ya kazi. Inatuambia kwamba mtu wa nyumbani mwako anapozungumza nawe, toa kidude sikioni na umwangalie usoni, kwa maana hujui ni neno gani litakuja kuwa na uzito. Wanaume wa kwetu, muhogo unaoliwa na watoto wenu ni kazi yenu pia. Jifunzeni kuuminya, na mkisahau mlichoambiwa, ulizeni, hata mkichekwa. Muhogo ukiwa mchungu mdomoni mwa mtoto, usimwambie ale. Onja kwanza wewe. Na mtoto wako akikwambia anaumwa, acha ulichoshika, hata kama nchi nzima inakusikiliza, umgeukie.