Mteja Aliyelalamikia Kasi

"Mteja wa nyumba namba tisa analalamika. Mtandao unakokota."

Sindano alisimamisha pikipiki, akabana simu sikioni. Habari hii aliisubiri miezi kumi na minne.

"Kapiga mwenyewe?"

"Mwenyewe, tena kwa matusi," alijibu Mkuu wake wa ujasusi, aliyekuwa akinasa kila simu ya mteja huyo kwa kampuni ya mtandao. "Anatuma faili, haliendi."

Mteja huyo aliwahi kutunza majina ya majasusi wote wa idara. Alipostaafu aliwauzia wafanya magendo ya silaha jina moja, la kaka yake Sindano, na kaka akazikwa bila uso. Leo anauza yaliyobaki. Thelathini na moja.

Ovaroli ya fundi. Bastola ya Glock kiunoni. Kengele.

"Shikamoo, mzee."



"Marahaba. Mmechelewa, binti."

Sindano alipima kasi pale sebuleni. Mega mbili, na kifurushi ni cha hamsini.

"Ruta iko wapi?"

Mzee alifungua kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ruta ilikuwa ndani, taa zake zikipepesa gizani.

"Mzee wangu, umeifungia humu?"

"Siku hizi watu wanapekua."

Loo! Mtu kaogopa majasusi mpaka kajiziba pumzi, kisha kampigia jasusi simu aje kumzibua.

"Chuma kinameza mawimbi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ungeniita mapema. Sitisha unachotuma, tupime kwa kebo."

Mzee alisita. Kisha akasitisha, maana tamaa haina subira. Sindano alipitisha kebo kwenye kisanduku kidogo kama kiberiti, akaiunga na kompyuta.

"Na hicho?"

"Cha kupimia."

Kushuka, arobaini na tisa. Kupanda, ishirini. Mzee akatabasamu, akaanza kutuma upya. Safari hii faili liliteleza.

"Orodha imeingia kwetu yote," Mkuu alisema kwenye kipokea sauti cha sikioni. "Kwao haikufika hata herufi. Toka."

Lakini kisanduku kilikuwa na kazi ya pili ambayo Mkuu hakuijua. Wanunuzi nao walipelekewa faili, ila lingine, ambalo Sindano alikuwa ameliandika mwenyewe.

Simu ya mzee ikalia. Alisikiliza, midomo ikakauka, akakaa chini pasipo kiti.

"Wamepata jina moja tu," alinong'ona. "Langu. Eti mimi ndiye ninayewachoma kwa serikali. Wako mtaani hapa."

"Na kaka yangu ulimuuza hivyo hivyo, jina peke yake."

Mzee alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaona macho anayoyafahamu, ya kijana aliyemuuza.

"Binti yangu, nikamate. Nitie pingu, nipeleke jela, nitakiri yote."

"Usiniite binti yako."

Sindano alichomoa kisanduku, akampa fomu ya kazi na kalamu. Mzee akasaini, akidhani ndiyo hati ya kukamatwa. Kumbe ilisema tu kwamba mteja ameridhika na kasi.

Getini Sindano alipishana na wanaume wawili wenye makoti marefu.

"Mwenye nyumba yupo?"

"Yupo. Ingieni tu."

Alivaa kofia yake ngumu bila haraka. Uchungu wa kaka ulikuwepo bado, palepale ulipokuwa asubuhi, ila mikono yake ilikuwa imetulia. Akawasha pikipiki, akaenda zake.