Simu ya Mume Wangu Ilishika Waifai ya Mdogo Wangu

"Simu yako imeingiaje waifai ya humu?!"

Mume wangu akaduwaa. Bando hana, nikamkuta kwenye kochi la mdogo wangu anaangalia mpira kwenye simu!

Jamani, mimi ni fundi, nafunga waifai majumbani. Hapo kwa mdogo wangu nilifunga mwenyewe, mwezi tu ulikuwa umepita. Na mume wangu ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapo... au ndivyo nilivyodhani.

Kila nyumba, hata kwangu, naweka jina moja la mtandao, la biashara yangu, nijitangaze. Lakini jina peke yake si kitu! Simu inalikumbuka jina, halafu inajaribu neno la siri ililolihifadhi. Lisipofanana na la kwenye ruta, haiingii ng'o.

Yake iliingia yenyewe, bila kumwomba mtu neno la siri, maana yake alishawahi kufika!

"Mke wangu, haki ya Mungu sijawahi kukanyaga hapa..."

"Unamdanganya fundi?!"

Mdogo wangu akaanza kulia. "Dada, unasema nini mbele ya mume wangu?"

"Nasema umenichukulia mume, mshenzi wewe!"

Shemeji akainuka. Aliingia chumbani, akatoka na begi la mkewe, akalitupa nje. Mimba ya miezi minane, jamani... na mimi ndiye niliyemfungulia geti atoke. Niliona raha, sitawaficha.

Mume wangu naye nikamfukuza siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata shemeji akanipigia. "Njoo ubadilishe neno la siri. Sitaki yule mbwa aingie tena kwangu."

Nikaenda. Nikafungua mipangilio ya ruta, nione neno la zamani.

Mungu wangu...

Lilikuwa neno la siri la nyumbani kwangu!

Siku ya kufunga nilikuwa na haraka. Nilipakia mipangilio yote ya ruta yangu ya nyumbani kama ilivyo, nikasema nitabadilisha neno la siri baadaye. Nikasahau! Simu ya mume wangu ilijiona iko kwake.

"Vipi, kuna kitu?" shemeji akauliza.

Sentensi moja tu ingemrudisha mdogo wangu nyumbani kwake. Nikawaza wateja wangu wakisikia... nikawaza aibu.

"Hakuna kitu, shemeji."

Nikabadilisha, nikaondoka.

Jana mdogo wangu amejifungua, peke yake. Kanitumia picha ya mtoto na ujumbe: "Dada, kama kuna nililokukosea, nisamehe. Sina mwingine."

Funzo mnalitaka? Ukiwa na uhakika sana, anza kwa kukagua kazi ya mikono yako. Na ukikosea, sema siku ileile, maana kesho ulimi unakuwa mzito.

Nimemjibu: "Nimekusamehe."