Kinyozi Aliyesinzia Kazini

Chiriku alifagia nywele, akafuta kioo, kisha akapanga mashine za kunyolea mezani. Kila Jumamosi alimsaidia baba yake, kinyozi, kufungua kibanda chake cha kunyolea. Alipewa jina hilo la utani kwa sababu alikuwa msemaji kuliko watoto wote wa mtaa, lakini siku hizi alikuwa kimya. Macho yalimwasha kama yametiwa mchanga.

Baba alikuwa amejibwaga kwenye kiti cha wateja, akijisugua kipaji cha uso. "Kichwa kinanigonga," alilalamika. "Nimelala usingizi wa pono, lakini naamka hoi, kama nimebeba magunia."

Mama alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, hivyo ni Chiriku tu aliyejua jinsi baba alivyolala. Alikoroma hadi ukuta wa mbao ukatetemeka, kisha ghafla, kimya. Hewa haikuingia wala kutoka. Upande wa pili wa ukuta, Chiriku alisubiri mpaka baba ashtuke kama mtu aliyeibuka majini na kuanza upya. Aliwahi kumwambia. Baba alicheka tu. "Mwanamume gani hakoromi? Wewe lala, mwanangu."

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Baba alimpaka povu, akaanza kumnyoa ndevu kwa wembe. Mara mkono wake ukasimama. Chiriku aliona kope za baba zikishuka.

"Baba!"

Baba alishtuka, wembe ukateleza, na damu ikachuruzika chini ya sikio la mzee.

"Fundi, unanyoa au unaota?" mzee aliuliza. Alijaribu kutania, huku akifuta damu shingoni. "Leo umenikwaruza. Kesho utamkata mtu koo. Funga hapa, nenda hospitali."

Baba alifunga mlango bila ubishi, uso umemshuka kwa aibu. Wakaongozana hadi hospitali.

Daktari alimpima baba shinikizo la damu, akakuta liko juu. Akamzungushia utepe wa kupimia shingoni, akaguna. "Shingo nene, na uzito umezidi. Unakoroma?"

"Kidogo tu."

"Mchana unasinzia?"

"Leo tu, bahati mbaya."

"Pumzi hukatika ukiwa usingizini?"

"Hata! Mimi mzima kama chuma."

Daktari akamgeukia Chiriku, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeanza kuinama. "Na wewe, binti, mbona unasinzia umekaa?"

Chiriku alitazama viatu vyake. Kumpinga baba mbele ya mgeni kulikuwa kuzito, lakini alikuwa amechoka mno. "Kwa sababu usiku namsikiliza," alisema taratibu. "Pumzi inakatika kabisa. Naogopa haitarudi. Nikilala, nani atamwamsha?"

Baba alimkodolea macho. "Kumbe hulali?"

"Silali, baba."

Baba aliinamisha kichwa. "Daktari, majibu yangu yafute. Muulize yeye."

Basi maswali yakaanza upya, na Chiriku akayajibu yote. Daktari akaeleza kwamba huenda koo la baba hulegea usingizini na kuziba njia ya hewa, kwa hiyo mwili hushtuka mara kwa mara bila yeye kujua. Dalili zilionyesha hatari kubwa, lakini kipimo ndicho kingethibitisha.

Baba alilazwa akapimwa akiwa usingizini, na tatizo likathibitika. Alipewa mashine ya kumpulizia hewa kupitia barakoa, akaambiwa apunguze uzito na alale kwa ubavu. Mwanzoni aliivua barakoa akinung'unika kwamba anafanana na tembo. Mama alimrudishia kila alipokuwa nyumbani. Polepole akaizoea, maumivu ya kichwa yakapungua, na mwalimu mstaafu akarudi kunyolewa.

Jumamosi moja Chiriku aliamka jua limeshapanda. Alikimbia kazini, akakuta baba ameshafagia.

"Samahani, baba, nimepitiwa."

"Usiombe radhi. Una deni kubwa la usingizi, na mimi ndiye niliyekutia humo." Baba akamshika bega. "Nilimjibu daktari kama mtu anayetaka kusifiwa. Ugonjwa hautibiwi kwa majibu mazuri, unataka ya kweli. Na usingizini mtu hajioni, anaonwa na wenzake. Kwa hiyo ukiona jambo la kukutia hofu, usilibebe peke yako. Sema. Hata nikicheka, sema tena."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akapiga miayo. "Basi nasema, baba. Bado nina usingizi."

"Rudi ukalale," baba akamwambia.