Kivuli Kilichorefuka

Mtumbwi ulipasuka kwenye maporomoko ya pili, pale mto Apan unapobanwa na kuta za mawe kabla ya kuingia korongoni. Bilung, aliyekuwa mbele na upondo, aliliona gogo limekingama majini, akapiga kelele, lakini maji hayakumngoja. Mbao zikafunguka. Chumvi yote waliyoifuata mbali kwenye chemchemi ikazama, na watu watatu wakatupwa ndani ya povu.

Usun alitoka wa kwanza, panga lake lingali kiunoni. Aligeuka akamwona mumewe, Lawai, amebanwa kati ya mtumbwi na jiwe, mguu wa kulia umepinda mahali pasipo na goti. Yeye na Bilung, mdogo wake Lawai, walimkokota hadi mchangani. Mfupa ulikuwa umechomoza chini ya goti.

"Mnaniangalia nini?" Lawai akasema. "Vuteni."

Wakavuta. Hakulia, aliuma mpini wa panga mpaka meno yakaacha alama. Usun alikuwa na chumvi kidogo ndani ya kipande cha mwanzi alichokivaa shingoni. Alimimina nusu yake kwenye jeraha, kisha akaufunga mguu kwa mabanzi ya mwanzi na kamba za henzirani. Alipomaliza alimvuta Bilung pembeni.

"Mguu huu hauna muda," alisema. "Ukioza kabla hatujafika nyumbani, tutamzika huku huku."

Korongoni hapapitiki kwa miguu. Long Apan, nyumba yao ndefu inayokaliwa na kijiji kizima, ilikuwa kaskazini, ng'ambo ya vilima, huko mto unakotokeza baada ya kupita korongoni na kuzunguka mbali. Kusini hakuna mtu. Ni msitu mtupu hadi uchoke. Njia ilikuwa moja, kukata msitu moja kwa moja kwenda kaskazini. Taabu ni kwamba ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, na kisiwa kizima cha Borneo kilikuwa kimefunikwa na moshi. Asubuhi hakuna jua, jioni hakuna jua, na vilima vyote vimekuwa rangi ya jivu.

Lakini Usun hakuwa mtu wa kupotea ovyo. Kwetu kila nyumba ndefu ina mpima kivuli, mtu anayesimamisha nguzo uwanjani na kupima kivuli cha adhuhuri kwa mkono wake mwenyewe, ili jua likishavuka utosi atamke siku ya kupanda mpunga. Watu wa pwani wana kalenda za kutundika ukutani. Sisi tunaliuliza jua lenyewe, na ghala zetu ni shahidi. Usun alikuwa mpima kivuli wa Long Apan, na alijua kuwa anajua. Wengine walisema kichwa chake kiko juu mno, lakini mpunga ulipoiva walikula bila kulalamika.

"Shemeji," Bilung alisema huku akimfunga kaka yake mgongoni kwa kamba pana iliyopita kwenye paji la uso, "hilo jua lako limekwenda wapi? Au nalo lina shamba la kuchoma?"

"Likitoka litaniambia mimi. Wewe hata mkeo hakwambii kitu."

Usun akatangulia na panga. Walipanda mteremko wa utelezi, ruba wakiwaingia katikati ya vidole. Maji waliyapata kwenye mimea ya kutambaa. Usun aliikata kwa juu kisha kwa chini, na kila mmoja akakinga mdomo. Walikula vilele laini vya mitende ya msituni, vibichi, maana kuni zote zilikuwa zimelowa umande.

Siku ya pili, mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kuacha uwazi, moshi ulitoboka adhuhuri na jua likashuka hadi chini. Usun hakupoteza muda. Alikata ufito wa urefu wa pima yake, kutoka ncha ya kidole cha mkono huu hadi ya mkono ule, akausimamisha na kuunyoosha kwa uzi wenye jiwe. Kisha akalaza mkono wake juu ya kivuli. Kilikuwa kifupi, kiganja tu.

"Tulipoondoka nyumbani kilifika kiwikoni, kikianguka kusini," alisema. "Sasa kimebaki kiganja. Jua bado liko kaskazini, linasogea kuja utosini. Kwa hiyo kivuli kinaonyesha kusini. Tukipe mgongo, twende."

"Tusingoje lianze kuzama tulione linaelekea wapi?"

"Bilung, tangu lini umeliona likizama? Linamezwa na moshi."

Kweli, hata kabla hajamaliza kusema, uwazi ulikuwa umefungika. Wakakipa kivuli mgongo, wakaenda.

Walikwenda siku hiyo na iliyofuata. Lawai alikuwa mzito, na homa ikamfanya mzito zaidi. Usun alimpokea kila Bilung alipoishiwa pumzi, na alipombeba alisikia joto lake likipenya hadi mbavuni. Mguu ulikuwa umevimba, ukaanza kutoa harufu.

"Shemeji," Bilung alisema wakivuka kijito, "maji haya yanatupinga. Tungekuwa tunaenda nyumbani, vijito vingefuatana nasi."

"Kijito huzunguka. Jua halizunguki."

"Mimi nasema tu."

"Sema. Lakini tembea."

Adhuhuri ya siku iliyofuata, juu ya mwamba usio na miti, jua lilitoka tena. Usun alikata ufito mwingine wa pima ile ile. Alitarajia kivuli kifupi kuliko kile cha kwanza, pengine kilichopungua vidole viwili. Alilaza mkono. Kivuli kilianzia kwenye ncha za vidole, kikapita kiganja, kikapita kifundo cha mkono. Aliunyoosha ufito upya kwa uzi na jiwe. Alipima mara ya pili. Kikabaki pale pale.

Kivuli cha jua linalokuja hupungua kila siku. Hiki kilikuwa kimerefuka. Jua halikuwa linakuja, lilikuwa linaondoka. Lilikuwa limeshapita utosini na kuvukia kusini, labda wakati ule walipokuwa kwa wenyeji wa chemchemi za chumvi, wamekaa chini ya moshi wakinywa pombe ya mchele na kuahirisha safari. Na jua likiwa kusini, kivuli huanguka kaskazini. Alikuwa amekipa mgongo kivuli kinachoelekea nyumbani. Alikuwa amempeleka mumewe kusiko na mtu.

Bilung alikuwa amemtua kaka yake, akimtazama.

"Usiniambie," alisema. "Nakuona usoni."

"Nimekosea," Usun akasema. "Jua limevuka, nami sikujua. Nyumbani ni nyuma yetu."

Bilung alikaa chini. Mabega yake yalikuwa yamechubuka na kamba, damu imekauka juu yake. "Nimembeba kaka yangu siku zote hizi kumpeleka kuzimu."

"Ndiyo."

"Na sasa unataka nigeuke kwa neno la kivuli kile kile."

"Kivuli hakikukosea. Nilikosea mimi."

"Mimi nashuka na kijito hiki. Kijito angalau kinajua kinakokwenda."

"Kinakwenda korongoni. Utafika ukingoni na mgonjwa mgongoni, halafu?"

Hasira ilikuwa imempanda Usun, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Alitamani kulia, na alitamani kumpiga mtu. Lakini hakuinamisha kichwa, maana aliona wazi kuwa akiinama hapo, hakuna atakayeinua macho kumfuata, na Lawai atakufa.

Lawai akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Bilung," alisema, "nimeishi na mwanamke huyu tangu sijaota ndevu. Sijawahi kumsikia akisema amekosea. Leo amesema. Basi ujue amepima mara mbili."

Bilung alicheka bila kutaka. Alijifuta uso, akachuchumaa. "Panda, mzigo wewe."

Wakageuka. Safari hii walielekeza nyuso kwenye kivuli. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, maana kila kilima walikijua na kila kilima kiliwakumbusha. Usun aliosha mguu kwa chumvi ya mwisho, akakwangua nyama iliyokufa kwa ncha ya panga huku Lawai akimtukana mpaka sauti ikakauka. Kila moshi ulipotoboka alisimamisha ufito, hata kama ni kwa pumzi chache tu. Kivuli kilizidi kurefuka, na kila kiliporefuka moyo wake ulipata nguvu. Walipita pale mtumbwi ulipopasuka, wakaendelea. Vijito sasa vilifuatana nao.

Walisikia mbwa kwanza. Kisha jogoo. Kisha wakatoka kwenye magugu juu ya mto Apan, na mtumbwi wa watu wa nyumbani, uliokuwa ukiwatafuta, ukageuza pua kuwafuata.

Mzee wa kuunga mifupa alinusa mguu wa Lawai kwa muda mrefu kabla ya kusema utapona, ila atachechemea. Lawai akasema kuchechemea si neno, mradi kunamfikisha shambani. Usun alitoka nje ya chumba akajiegemeza ukutani, akalia kimya, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu maporomoko.

Alipofika barazani alikuta nyumba nzima imekusanyika. Chini ya moshi wao nao hawakuwa wameliona jua, na mbegu zilikuwa bado kwenye vikapu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutamka siku bila mpima. Bilung alikuwa amekaa katikati na kikombe cha pombe mkononi, mabega yamefungwa majani.

"Huyu ndiye aliyetupoteza," alisema, akimwonyesha kwa kidevu. "Na huyu huyu ndiye aliyetutoa."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa shemeji. Usun alisimama mbele yao, nguo zimechanika, miguu imejaa majeraha ya ruba, kichwa kikiwa juu kama siku zote.

"Yote mawili ni yangu," alisema. "Jua limevuka. Leteni mbegu."